Chloé na Wasifu wa Shule

Tii! Tii! Mita ya umeme ililia jikoni, gizani, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Chloé aliondoa blanketi usoni akasikiliza. Ilikuwa alfajiri ya Agosti, mwaka 2017, na baridi ya Johannesburg ilikuwa imeingia mpaka ndani ya mito ya kulalia. Mita hulia hivyo umeme uliolipiwa unapokaribia kwisha. Hilo Chloé alilijua, lakini hakukosa swali.

"Mama, kwa nini inalia halafu inanyamaza? Kwa nini isilie tu mfululizo?"

"Mama wee, jua halijatoka na maswali yameshaanza!" alijibu Mama Célestine kutoka upande wa pili wa pazia. "Amka uchemshe chai kabla hatujabaki gizani."

Mama Célestine alikuwa msusi wa nywele huko Yeoville. Alitoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, kabla Chloé hajazaliwa. Chloé mwenyewe alizaliwa Johannesburg. Kiswahili alikielewa chote, hata mafumbo ya mama yake, ila mara nyingi alijibu kwa Kiingereza.

Mezani alikuwapo pia Placide, binamu yake, aliyefika kutoka Bukavu mwanzoni mwa mwaka. Kule kwao, walikofundishwa kwa Kifaransa, Placide alikuwa moto wa kuotea mbali katika hesabu. Hapa, katika darasa la nane, masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza, na alama zake zilikuwa zimeporomoka. Mwalimu wake alishamwambia Mama Célestine kwamba mambo yasipobadilika, mwakani atarudia darasa.

"Yaya Chloé," Placide alinong'ona akipuliza chai, maana kwao dada mkubwa huitwa yaya, "mwalimu wa sayansi akiuliza kama nimeelewa, nifanyeje?"

"Tikisa kichwa kukubali tu," alisema Chloé. "Wote wanatikisa."

Shule yao ilikuwa juu ya kilima, katika kiunga cha Observatory. Ilikuwa shule ya serikali yenye kuta za mawe na mijakaranda mikubwa uani. Zamani ilijengwa kwa ajili ya watoto wa nyumba za jirani tu. Siku hizi wanafunzi walipanda kilima kutoka Yeoville na Bertrams, na wengine walishuka teksi pale kwenye roboti, yaani taa za barabarani, wakikimbia wasifungiwe lango.

Asubuhi hiyo Mwalimu Nkabinde, aliyefundisha darasa la tisa la akina Chloé na ambaye wanafunzi walimwita Mem, aliingia na ubao mpana wa karatasi nyeupe.

"Mwezi ujao wazazi wanakuja kuitazama shule," alisema. "Watauliza: shule hii ni ya namna gani? Basi nyinyi mtaandaa wasifu wake. Kundi moja litatafuta matokeo ya Matriki, mtihani wa kumaliza sekondari, jingine maabara na maktaba, jingine ni wangapi wanaochukua hesabu na sayansi. Nataka ukweli. Wasifu wa shule si picha ya harusi."

Chloé alihisi moyo wake ukicheza. Kazi ya kuuliza maswali! Ilikuwa kama kumpa samaki maji. Yeye na Khatibu, mvulana mcheshi ambaye wazazi wake walitoka Tanga, walipewa kazi ya kuhesabu lugha zinazosemwa nyumbani kwa wanafunzi.

"Kazi yenu ni nzito kuliko mnavyodhani," Mwalimu aliwaambia. "Bodi ya shule iko tayari kuajiri mwalimu wa jioni, awasaidie wale ambao Kiingereza ni kigeni kwao. Lakini ni lazima ionekane kwamba wapo wa kutosha. Wasipoonekana, hakuna mwalimu."

Chloé akamfikiria Placide. Alikata shauri kuhesabu kwa makini.

Walianza na darasa lao wenyewe. "Nani nyumbani anasema Kizulu?" Mikono kadhaa. "Kisotho?" Mikono kadhaa. "Kiingereza?" Loo! Mikono ilisimama kama mahindi shambani. Wa Chloé ulikuwamo. Wa Khatibu pia.

Darasa lililofuata, vilevile. Na lililofuata hilo, vilevile.

"Eish!" alisema Khatibu walipofika kwenye korido. "Kumbe tunasoma na Waingereza watupu, na hatukuambiwa!"

"Na wewe je?" Chloé alimgeukia. "Mama yako akija langoni hupiga kelele, 'Khatibu weee, hebu njoo hapa upesi!' Hicho ni Kiingereza cha wapi?"

"Cha Tanga," Khatibu alijibu bila haya. "Na wewe, mbona mkono wako ulikuwa mrefu kuliko wote?"

Chloé alisukuma mlango uliofuata. Wakaingia darasa la Placide. Alipouliza nani nyumbani anasema Kiswahili, hakuna aliyejitokeza. Alipotaja Kiingereza, Placide alimtazama kwanza yeye, kama mtu anayeomba njia, kisha taratibu akainua mkono. Chloé aliandika alama moja zaidi chini ya Kiingereza. Placide aliyekuwa akihangaika kuomba kalamu kwa Kiingereza, leo amehesabiwa miongoni mwa wenye lugha hiyo!

Siku hiyo, masomo yalipokwisha, Chloé hakuharakisha kwenda nyumbani. Alisimama langoni akatega sikio. Mama mmoja alimgombeza mwanawe kwa Kishona. Ndugu wawili walizozana kwa Kilingala. Mzee mwenye kofia alicheka kwenye simu kwa Kireno. Langoni lugha zilijaa kama soko. Darasani zilikuwa tatu au nne tu. Zilikwenda wapi, kati ya lango na darasa?

Alikwenda moja kwa moja saluni na swali lake. Mama Célestine alikuwa akimsuka mteja, vidole vyake vikikimbia kama vya mpiga gitaa.

"Mama, kwa nini watu wanaficha lugha yao?"

Vidole vikasimama. "Nani ameficha?"

Chloé alieleza yote: ubao, mwalimu wa jioni, mikono, Placide. Alipofika kwenye mkono wake mwenyewe, sauti ilipungua. "Wewe si ulisema nikiwa kwenye teksi nisijibu simu kwa Kiswahili? Mitaa ilipochafuka, maduka ya wageni yakavunjwa, ulituambia tuzungumze Kiingereza tu."

Mteja alijikohoza. Mama Célestine akaendelea kusuka, polepole.

"Ni kweli nilisema. Nilikufundisha kunyamaza barabarani, mwanangu, kwa sababu barabarani humjui aliye karibu nawe. Sikukufundisha kudanganya mbele ya mwalimu anayetaka kukusaidia. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sasa maradhi ni ya Placide, na kilio kitakuwa Desemba, matokeo yakitoka."

Usiku ule usingizi ulimpaa Chloé. Kama angekiri, wanafunzi wangemcheka, na labda wangemwita jina baya wanaloitwa wageni. Kama angenyamaza, Placide angerudia darasa huku akitikisa kichwa.

Asubuhi, kabla kengele haijalia, alimfuata Mwalimu Nkabinde.

"Mem, hesabu yetu ya lugha si ya kweli. Wengi wamedanganya. Mimi ni mmoja wao."

Mwalimu alivua miwani. Chloé alisubiri kukaripiwa, lakini Mwalimu aliuliza tu, "Unafikiri kwa nini?"

"Tunaogopa kuchekwa. Tunaogopa kuambiwa turudi kwetu. Na mimi kwetu ni hapahapa."

"Asante kwa kuniambia," alisema Mwalimu. "Swali litaulizwa tena, na wewe ndiye utakayeuliza. Ila safari hii, anza kwa kujijibu mwenyewe."

Basi Chloé akasimama mbele ya darasa. "Nyumbani kwetu tunasema Kiswahili," alisema. "Mama yangu anatoka Kongo. Jana niliinua mkono wa uongo."

"Kumbe na wewe ni wa kuja!" sauti ilidakia kutoka nyuma, na wawili watatu wakacheka.

Mwalimu alikuwa ameshafungua kinywa, lakini Khatibu aliwahi kusimama. "Na kwetu tunasema Kiswahili," alitangaza. "Tena cha Tanga, kilichonyooka. Cha kina Chloé kimepinda kama barabara za Bukavu!"

"Uliwahi kufika Bukavu wewe?" Chloé alimjia juu, na darasa zima likaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha aina nyingine, kisichomchoma mtu. Msichana wa dirishani akasema kwao ni Kishona. Mwingine Kireno. Hata yule aliyedakia kutoka nyuma aliinua mkono akasema kwamba bibi yake anazungumza Kivenda, na kwamba yeye huona haya kumjibu mbele ya rafiki zake.

Walipomaliza kuyapitia madarasa yote upya, ukurasa wa lugha haukutosha. Ikabidi wabandike karatasi ya pili.

Siku ya wazazi ilipofika, wengi walipita haraka kwenye matokeo ya Matriki, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, halafu wakasongamana mbele ya lugha, kila mmoja akiitafuta yake kwa kidole. Mama Célestine alipoiona ya kwake aliigusa, kisha akafuta macho kwa pembe ya kitenge.

Mwalimu Nkabinde aliwaita wanafunzi wake kando. "Shule yetu haijawa mbaya kwa kusema ukweli," alisema. "Kiingereza tutajifunza, na kwa bidii. Lakini hakuna anayeweza kukuonyesha njia kama umemdanganya kuhusu mahali ulipo. Sema uko wapi, hata kama ni nyuma, ndipo utakapopata wa kukushika mkono. Bodi imekubali. Mwalimu wa jioni anaanza Jumatatu."

Jumatatu ilipofika, mwalimu huyo, Bi Thérèse, aliwakuta wanafunzi wamejaa mpaka mlangoni. Chloé alibaki nje, akachungulia dirishani. Bi Thérèse alichora sufuria ubaoni, akachora mvuke ukipanda, akaeleza kwa Kiingereza chepesi jinsi maji yanavyogeuka kuwa mawingu. Kisha akauliza, "Mmeelewa?"

Vichwa vyote vikatikisika. Cha Placide pia kikaanza kutikisika. Katikati kikasita. Aliutazama ubao, akakunja uso kama mtu anayetaka kweli kujua, akainua mkono.

"Mimi sijaelewa, Mwalimu," alisema kwa sauti.