Bangili ya Bibi Kokushubila

Harufu ya marashi ya waridi ilianza mapema wiki ile, na Sesilia akadhani ni mama mwenye nyumba amejirashia. Lakini Felicitas hakuwa mtu wa marashi. Yeye alijipaka mafuta ya nazi, basi. Tena harufu yenyewe ilitoka kitandani kwa mgonjwa, pale pale ambapo Sesilia alifua na kusugua kila asubuhi, na alijua fika pananuka nini.

Mgonjwa alikuwa Bibi Kokushubila, mama mzazi wa Adelard, karani wa bohari moja pale Chang'ombe. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande mmoja na kumfunga ulimi. Hata alipokuwa mzima Kiswahili chake hakikumfikisha sokoni, maana mwanawe alimleta mjini kutoka Bukoba akiwa tayari mzee. Sesilia, mwanamke wa Masasi, ndiye aliyeajiriwa kumwogesha, kumlisha uji na kumkingia mate. Mate aliyakinga kwa chombo kidogo cha udongo, chenye mguu na meno meno ukingoni, alichokiokota uvunguni siku alipoanza kazi. Nyumba ile Adelard aliinunua kwa warithi wa mwanamke mmoja wa pwani, marehemu binti Kombo, nao warithi waliacha makorokoro kila pembe. Sesilia alikisuuza kile chombo, akaona kinafaa. Felicitas, mke wa Adelard, naye alimsifu kwa kutotupa vitu ovyo.

Ijumaa asubuhi, bangili ya fedha ya bibi haikuwapo mkononi.

"Bangili hii haivuki bila sabuni," Adelard alisema. "Mkono wa mama ulipovimba, mimi mwenyewe nilihangaika nayo nikashindwa. Sasa nani anamwogesha mama kwa sabuni humu ndani?"

"Mimi, bwana. Lakini sikuichukua. Nikagueni."

Wakamkagua. Walikung'uta mkeka, wakapekua sanduku lake la bati, wakalitandaza gauni dogo jekundu alilomnunulia Auleria, binti yake aliyemwacha kwa bibi yake Masasi. Hawakuona kitu, na hilo halikumsaidia hata kidogo, kwani Adelard alisema kuwa mwizi anayejua kuficha ndiye mwizi hasa.

"Ndiyo maana ukasema mwisho wa mwezi unaondoka," Felicitas alisema, machozi yakimlengalenga. "Na sisi tulivyokupenda, Sesilia!"

"Mama, naondoka kwa sababu mwanangu anakua hanijui. Nikimpelekea gauni la wizi nitamtazama kwa macho gani?"

Adelard alikwishapanda baiskeli kwenda kumwita askari. Felicitas akamfungia Sesilia chumbani kwa bibi, ufunguo akaupachika kiunoni. Mwizi ni mwizi, lakini kazi ya kumgeuza mgonjwa hakuna mwingine aliyeitaka.

Mvua ikaanza kupiga bati. Dirisha lilikuwa na nondo, mlango ulikuwa wa mninga, na Sesilia akakaa kwenye kigoda akiwaza jela, akiwaza watoto wa Masasi wakimwimba Auleria kuwa mama yake mwizi. Alilia kwa uchungu. Kisha marashi yakarudi, safari hii mazito, yamechanganyika na moshi wa udi ingawa chumbani hamkuwa na moto, yakamjaa puani na kooni hata akainuka kwenda dirishani kuvuta hewa, na alipogeuka akaona mkono wa bibi, ule uliokufa, ule ambao yeye mwenyewe aliuinua kila siku kama gogo, unapapasa polepole ukingoni mwa kitanda, unatafuta, mpaka vidole vikakigusa kile chombo cha mate vikatulia.

"Nani kanitemea chetezoni mwangu?"

Kilikuwa Kiswahili cha pwani, laini, sauti ya mwanamke kijana, na kilitoka katika kinywa kilichopinda cha Bibi Kokushubila.

Sesilia akashika nondo za dirisha. "Ni mimi," alinong'ona. "Nimekosa. Sikujua ni cha kufukizia. Sikujua kina mwenyewe."

"Binti Kombo alinifukizia udi kila Ijumaa. Nyie mmenilisha makohozi."

"Bangili umeichukua wewe?"

"Nimeichukua mie."

"Basi waambie! Nakuomba, wanakuja kunifunga!"

Felicitas akagonga mlango kutoka nje. "Sesilia! Unaongea na nani?"

"Na bibi, mama."

"Bibi hasemi," Felicitas alisema, na ufunguo hakuugusa.

Kitandani kile kinywa kilicheka kidogo. "Nitairudisha. Nawe utanifukizia."

"Nitakufukizia," Sesilia akasema upesi, na mtu yeyote anayengojewa na askari angesema hivyo hivyo. Hakuuliza mpaka lini.

Askari alipofika, ameloa, mlango ulipofunguliwa, bangili ilikuwa mkononi mwa bibi, imebana nyama kama siku zote. Bibi amelala, midomo imefumba. Askari alimkaripia Adelard kwa kumpotezea wakati. Adelard aliinamisha kichwa akaomba radhi, na Felicitas akamkumbatia Sesilia akilia kwa haya. Sesilia alikuwa amesafishika. Siku ile alilala usingizi mzuri, na kwa kuwa chumba hakikunuka tena, hakununua udi.

Mwisho wa mwezi ukafika. Asubuhi alioga, akafunga mzigo, gauni jekundu akaliweka juu kabisa, akaingia kumuaga bibi, Felicitas akiwa nyuma yake amemshikia chupa ya chai ya safarini.

Mkono wa bibi ulikuwa mtupu.

Felicitas aliutazama ule mkono, kisha akautazama mzigo. "Sesilia," alisema taratibu, "ufungue, mwanangu. Tafadhali ufungue tu."

Sesilia alifungua. Bangili ilikuwa ndani ya gauni la Auleria, katika mkunjo wa kwanza, ina joto kana kwamba imevuliwa sasa hivi, na gauni zima linanukia waridi. Uani baiskeli ya Adelard iliangushwa, na sauti yake ikauliza kwa nguvu kuna nini huko ndani.

"Hakuna kitu, bwana," Sesilia alijibu. "Nimebadili nia. Sisafiri tena."

Aliirudisha bangili mkononi mwa bibi. Haikuhitaji sabuni. Felicitas akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Bibi alikuwa amefumbua macho.

"Umechelewa," ile sauti laini ikamwambia. "Leo Ijumaa."