Kikombe cha Nne

Siku ile katika chumba cha maji walikuwepo Sista Waceke, muuguzi mwenye chumba. Wakarima, muuza sukuma wiki wa kituo cha Kawangware 56, na binti yake. Bibi wa Kimaragoli aitwaye Kageha, ambaye wote walimwita shosho, na mjukuu wake. Mzee Muigai, aliyekuwa akichota maji. Na Jentrix, aliyetoka Kibera kwa miguu alfajiri akiwa na Wakoli mgongoni, mtoto wa miezi minane. Hao ndio walioandikwa. Wanawake watatu na watoto wao, vikombe vitatu.

Zamani chumba hicho kilikuwa stoo ya zahanati. Sista Waceke alikiomba mwaka wa 1982, aliporudi kutoka kozi na jambo ambalo mtaa mzima ulilicheka: ati mtoto anayehara apewe maji. Wakati huo kila mtu alijua kinyume chake. Mtoto akihara, maji yanafichwa mpaka tumbo likauke. Lakini madaktari waliokuwa wakifanya utafiti walikuwa wameona kwamba kinachomuua mtoto ni ukavu unaobaki maji yakishamtoka. Wakampa Waceke fomu na maagizo. Lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Kijiko kimoja kila dakika, mama mwenyewe akinywesha, na kila kikombe kiandikwe.

"Sasa wewe Sista," Kageha alimwambia asubuhi ile, "ndoo inavuja, na wewe unaijaza?"

"Ndiyo, shosho. Nitaijaza mpaka tundu lenyewe lichoke."

Kageha alicheka, lakini alishika kijiko.

Wakoli ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote. Macho yalikuwa yamezama, na utosi ulikuwa umedidimia kama alama ya kidole kwenye unga. Sista alipomfinya ngozi ya tumbo, mkunjo ulibaki umesimama, ukashuka polepole. Dripu hazikuwepo. Hospitali kubwa ilikuwa imejaa watoto wa surua, wawili wawili kitandani.

"Tutamnywesha hapa hapa," Sista alisema. "Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena polepole. Angalia machozi. Siku hizi nikiona machozi nafurahi."

Wakarima alivua sweta yake, akaikunja, akaiweka chini ya mkono wa Jentrix uliokuwa umembeba mtoto.  

Saa sita Sista alipokuja kujaza fomu, alisimama akitazama benchi.

"Nani ameongeza kikombe?"

Mwisho wa benchi, upande wa dirisha, palikuwa na kikombe cha nne. Vile vingine vilibandikwa plasta yenye jina la mtoto. Hiki hakikuwa na plasta. Ndani hamkuwa na maji, ila chumvi nyeupe iliyoshika chini na kupasukapasuka, kama maji yaliyochemka mpaka yakaisha. Sista alikinusa, akakunja uso. Kilinuka sufuria iliyosahauliwa motoni.

"Mzee Muigai, umekunywa maji ya watoto?"

"Mimi?" Muigai alikuwa mlangoni, akipangusa miguu kama alivyofanya kila mara kabla ya kuingia. "Mimi hunywa chai, Sista. Maji ni ya kuoga."

Walicheka wote. Sista alikisuuza kikombe, akakiacha kwenye karai, akavuka ua kwenda kumfunga bandeji mtu aliyeungua mkono.

Jua lilikuwa juu ya mabati sasa. Chumba kilipata joto. Kageha alianza kusinzia. Wakarima naye alisinzia, kijiko mkononi. Jentrix hakuthubutu. Alihesabu dakika kwa saa ya ukutani na kumtilia Wakoli kijiko kimoja, kingine, kingine.

Alikuwa na sababu yake. Miaka miwili nyuma alikuwa na binti wa mwaka mmoja, Kavetsa. Kavetsa alipohara, wote waliompenda Jentrix walimwambia afiche maji, naye akayaficha. Mtoto alinyoosha mkono kuelekea mtungi siku nzima. Siku ya tatu, mchana kama huu, aliingia mwanamke asiyemjua, mpole sana, akamwambia, nipe nimshike, mama, ulale kidogo. Jentrix alilala. Alipoamka, mwanamke alikuwa ameondoka na Kavetsa alikuwa amekufa kwenye mkeka, amefunikwa vizuri. Wakamzika Lang'ata katika leso ya manjano. Jentrix hakuwahi kujua jina la yule mwanamke, lakini katika maombi yake alikuwa akimshukuru, kwa sababu kati ya mambo yote ya siku ile, usingizi ule ndio uliokuwa wema pekee.

"Mama Kavetsa."

Sauti ilitoka mwisho wa benchi. Jentrix aligeuka. Mwanamke alikuwa ameketi upande wa dirisha, kitambaa kichwani, mtoto amefunikwa kabisa kifuani. Uso ulikuwa ule ule.

"Ni wewe!" Jentrix alisema, na moyo wake kwanza ulifurahi. "Mama, ni wewe ulinisaidia kule Kibera!"

"Ni mimi. Umechoka tena."

Kati ya neno na neno, ulimi wa yule mwanamke ulibanduka kwenye kaakaa kwa mlio mdogo, kama plasta ikitolewa kwenye ngozi. Midomo yake ilikuwa imepasuka, lakini haikuwa na damu.

"Hicho kijiko kinamtesa," alisema. "Kila anachokunywa kinatoka. Mwache apumzike. Nipe nimshike, ulale kidogo."

Papo hapo Wakoli alitapika.

"Umeona?" yule mwanamke alisema kwa huruma.

Mikono ya Jentrix ilikuwa mizito. Aliisikia ikianza kunyanyuka yenyewe, kumtoa mtoto, na angemtoa, kama si jambo dogo moja lililomjia polepole. Hapa Kawangware hakuna aliyemjua kama mama Kavetsa, na kule Kibera hakuwahi kumtajia mwanamke huyu jina la mtoto. Aliandikwa mama Wakoli.

Alimrudisha mtoto kifuani. "Wakarima," alinong'ona, akimsukuma mwenzake kwa goti. "Wakarima, amka. Huyu mama umekuja naye?"

Wakarima alifumbua macho. "Si ni dadake shosho?"

"Mimi sina dada," Kageha alisema kwa sauti ya chini, na usingizi ukamtoka wote. "Mimi nilidhani amekuja na wewe."

Jentrix alichota kijiko na kukipeleka kwenye mdomo wa Wakoli, akaona maji yakipungua ndani ya kijiko kabla hayajafika, yakijikunja kutoka kingoni kuelekea katikati, mpaka kilichofika kwenye mdomo wa mtoto kikawa punje za chumvi tu. Akachota tena, na tena yakakauka njiani, na katika kikombe cha Wakarima maji yakaanza kushuka bila mtu kuyagusa, na katika kile cha Kageha vilevile, na harufu ya sufuria inayoungua ikajaa chumba kizima, na mlio ule wa ulimi ukasikika sasa bila maneno, haraka haraka, kama mtu anywaye kwa pupa asishibe, na watoto wote watatu wakaanza kulia kwa pamoja, kilio kikavu kisicho na chozi hata moja.

"Sista!" Wakarima alipiga kelele. "Sista Waceke, kuja!"

Sista aliingia mbio na fomu zake kwapani. Alitazama vikombe, akatazama benchi, akarudi hatua moja. Lakini hakutoka nje. Alichomoa kalamu.

"Wewe mama," alisema. "Hapa hakai mtu bila kuandikwa. Jina lako ni nani?"

 Mwanamke alimtazama Jentrix peke yake.

"Nilimshika vizuri binti yako," alisema. "Hakulia."

"Hakulia?" Jentrix alisimama, Wakoli kwenye mkono wa kushoto.  "Alilia! Alilia siku tatu! Hakuwa na machozi, ndiyo maana ulidhani halii. Na mimi nilikuombea! Miaka miwili nakuombea baraka, kumbe ni wewe!"

"Mimi sikumnyima maji," yule mwanamke alisema taratibu. "Nani alimnyima?"

 Kageha aliinamisha kichwa, kwa maana naye alikuwa na watoto aliowafichia maji zamani, na hakuwahi kumwambia mtu.

"Ni mimi," Jentrix alisema. "Niliambiwa, na nikakubali. Ni mimi."

Ndipo yule mwanamke akafunua nguo iliyomfunika mtoto kifuani. Alifungwa katika leso ya manjano, na kona moja ilikuwa imeungua, pale Jentrix alipoiangusha kwenye stovu mwaka aliozaliwa Kavetsa. Ndani ya leso kitu kidogo kilijinyoosha, na mkono mwembamba ukatokea, ukaelekea kwenye kikombe.

"Nipe huyo," yule mwanamke alisema, "uchukue huyu. Ni wako. Amekuwa akikuulizia."

Jentrix alipiga hatua moja kuelekea mwisho wa benchi.

"Mama Wakoli!" Sista alipaza sauti. "Usimtoe!"

"Simtoi." Alimbana Wakoli kifuani mpaka mtoto akaguna. "Simtoi hata mmoja, wewe kiumbe. Huyu ni wangu, na huyo ni wangu. Sista, nipe maji."

Jagi la kukorogea maji lilikuwa limekauka. Sista aligeuka mlangoni akaita, na mzee Muigai akaja mbio kutoka kwenye jiko la ua na birika la maji yaliyochemshwa na kupoa, na kwa mara ya kwanza hakupangusa miguu. Sista alipima sukari, akapima chumvi, akakoroga, akajaza tena vikombe vyote vitatu. Jentrix alichota kijiko, akakinyoosha kwenye leso.

"Kavetsa. Siku ile sikukupa. Pokea sasa."

Maji yalikauka hewani.

"Tena," alisema.

Yakakauka.

"Utayakausha mpaka saa ngapi?" alimuuliza yule mwanamke usoni. "Mimi nina mchana mzima. Nimetoka Kibera kwa miguu. Tena!"

Kikombe chake kilikuwa karibu kuisha. Kageha aliinuka na kikombe cha mjukuu wake, akamimina nusu ndani ya kile cha Jentrix. "Mpe, mwanangu," alisema, na machozi yalikuwa yakimtiririka. "Mpe na wangu pia." Wakarima akamimina nusu ya chake. Sista akasimama kando akitazama saa ya ukutani, akaita kila dakika kama alivyofundishwa, kijiko, kijiko, na kila alipoita wanawake wote watatu walinyanyua kwa pamoja, huyu kwa binti, huyu kwa mjukuu, na Jentrix kwa leso ya manjano, wakati ulimi ule ukibanduka kwa kasi huku na huku, haujui ukimbilie kijiko gani.

Kijiko cha kumi na mbili hakikukauka.

Kilifika kikiwa kimejaa. Mkono mwembamba ulikishika kwa vidole viwili, kama watoto wanavyoshika, na sauti ya mtoto anayemeza ikasikika wazi ndani ya chumba. Leso ikaanza kulowa. Doa lilienea kutoka katikati, na kila lilipomfikia yule mwanamke, lilimtoboa. Alifungua mdomo na hamkuwa na kitu ndani, ila weupe uliopasukapasuka, kama chini ya kikombe kile. Alitaka kusema kitu.

"Nyamaza," Jentrix alimwambia. "Anakunywa."

Mwisho wa benchi pakabaki leso iliyolowa, na chumvi kidogo sakafuni. Harufu ya kuungua ilitoka nje kupitia dirisha. Mzee Muigai alivua kofia yake na kuishika mikononi.

Sista Waceke ndiye aliyezungumza kwanza.

"Mama Wakoli, kaa chini. Mtoto hajapata kijiko kwa dakika ishirini."

Wakanywesha. Saa tisa na nusu Wakoli alilia kwa hasira, na machozi mawili yakashuka, moja kila upande. Jentrix aliyaonja kwa ulimi kuhakikisha. Saa kumi alimkojolea mapajani, na Wakarima akapiga vigelegele kama kwenye arusi.

"Hiyo sweta ni yangu, amekojolea mpaka sweta!" alisema. "Wacha akojoe. Akojoe mpaka Dagoretti."

Jioni Sista alikaa na fomu. Aliandika watoto watatu, vikombe, mkojo, machozi. Kisha kalamu ikasimama kwenye mstari wa nne.

"Madaktari wataniuliza," alisema.

"Basi usiandike," Jentrix alisema.

Sista aliigeuza fomu, akaandika upande wa nyuma, ambao madaktari hawakuuhitaji.

"Jina?"

"Kavetsa."

"Umri?"

"Mwaka mmoja."

"Alikunywa kiasi gani?"

"Kijiko kimoja," Jentrix alisema. "Alimaliza chote."

Mwezi uliofuata zahanati ilimwajiri Jentrix kukoroga maji katika chumba kile. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, na kila siku alikaa mwisho wa benchi, upande wa dirisha.