Nyumba ya Wasiopona

Mwaka 2004, kila asubuhi Witness aliwasha moto, akachemsha maji, akafua vitambaa vya mama yake nyuma ya nyumba. Majirani wa mtaa wao pale Tunduma hawakupita tena upande ule. Walikimbia harufu.

Mama yake, Loisi, alikuwa na saratani ya titi. Titi lilikuwa limepasuka na kuwa kidonda. Hospitali walimruhusu arudi nyumbani. "Imeshasambaa," daktari alisema. "Mkamtunze tu." Namna ya kumtunza hawakuelezwa.

Loisi aliwahi kuuza maharage mpakani. Aliwaita wateja wa Zambia kwa Kibemba mpaka wakacheka. Sasa alilia mchana kutwa akiomba afe. Witness alimpa panadol, hazikumsaidia. Kuna siku alitoka nje akaziba masikio, kisha akajichukia.

Ndipo akaja Siti, ambaye watu walimwita Mama Yassir. Alikuwa muuguzi mstaafu, na mumewe, Sufiani, alikuwa na malori. Alipiga hodi, akaingia chumbani, akakaa kitandani. Hakuziba pua.

"Dada Loisi, panapouma zaidi ni wapi?"

Loisi alimwonyesha kwa kidole. Tangu atoke hospitali, hakuna aliyemuuliza hivyo.

Walipotoka nje, Siti alimwambia Witness, "Mama hatapona, mwanangu. Sikudanganyi. Lakini si lazima ateseke. Ipo dawa ya maji, inaitwa mofini. Daktari ndiye anayeiandika na kupanga kipimo. Unampa kila baada ya saa nne. Usingoje maumivu yarudi. Inafunga choo, kwa hiyo atapewa na dawa ya kulainisha."

"Na harufu?" Witness aliuliza kwa aibu.

"Osha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Vaa glavu. Daktari ataandika vidonge vya kusaga, unanyunyizia unga wake juu ya kidonda. Na umgeuze mara kwa mara, mgongo usichubuke."

Walikwenda pamoja kwa daktari wa hospitali ya misheni, wakarudi na chupa. Siku ya pili Loisi alikunywa uji na kulala bila kulia.

Siku ya tatu alifika Gwakisa, kaka yake Witness, kutoka Ihanda alikolima kahawa. Aliiona chupa.

"Mnataka kummaliza mama?" alisema. "Nimesikia habari za dawa hii. Mtu analala haamki."

Kabla Witness hajamjibu, aliimwaga yote uani.

Usiku uleule kilio kilianza. Gwakisa hakuwa amewahi kukisikia. Alikaa mlangoni, kichwa mikononi. Kulipokucha aliinuka akaenda kwa Siti.

"Mama Yassir, nimekosa."

"Kinachomuua ni saratani," Siti alimwambia. "Dawa ikitolewa kwa kipimo cha daktari, inaondoa maumivu tu. Ulipaswa kuuliza, baba."

Dawa ile hutolewa kwa uangalizi mkali. Walingoja siku mbili kupata nyingine. Siku hizo mbili Loisi alilia mpaka sauti ikakauka. Gwakisa ndiye aliyefua vitambaa.

Dawa ilipopatikana, Loisi aliishi wiki sita. Nguvu hazikurudi, lakini alizungumza. Dada yake alivuka mpaka kutoka Nakonde, wakagawana vitenge. Alisema azikwe Ihanda, kando ya mumewe. Alifariki saa nne asubuhi, Gwakisa akimlowesha midomo. Mpaka mwisho Loisi hakulia tena.

Matanga yalipokwisha, Witness alikwenda kwa Siti.

"Wagonjwa wengine kama mama ni wangapi?"

"Ninaowajua mimi ni tisa."

Walianza kuwazungukia kwa miguu. Siti alimfundisha kusafisha kidonda na kumsikiliza mgonjwa. Akina mama wa kanisani walileta sabuni na mashuka. Waumini wa msikitini walileta unga. Sufiani alitoa vyumba viwili alivyokuwa akiwekea matairi. Gwakisa alileta matofali kutoka Ihanda. Msimu wa mavuno kila kaya ilitoa debe la mahindi. Kufikia mwaka 2013 nyumba hiyo ya wagonjwa ilikuwa na vitanda vinane, muuguzi wa kudumu, na daktari aliyepita kila wiki. Wagonjwa wengi waliendelea kutunzwa majumbani kwao na watu thelathini waliojitolea. Hata hivyo, wapo walioletwa wakiwa wamechelewa mno, na zipo siku ambazo dawa iliisha kabla nyingine haijafika.

Mwaka huo aliletwa Osward, dereva wa lori. Ugonjwa wa ini ulimzidi akiwa kwenye foleni ya mpakani. Ndugu zake walikuwa njiani, kwenye basi kutoka Morogoro.

"Watawahi?" aliuliza.

"Sijui, kaka," Witness alisema.

"Na wewe unakwenda wapi sasa?"

"Siendi popote."

Alimpa dawa yake, akavuta kigoda, akamshika mkono.

Ndugu walifika kesho yake saa tano. Osward alikuwa ameshafariki. Mdogo wake alisimama kando ya kitanda, akauliza jambo moja tu.

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana," Witness alisema. "Nilikuwa naye."