Farasi wa Mwinjilisti

"Mali ikishavuka geti langu si yangu tena, Mzee!"

"Mali gani? Umenipa balaa ukaliita mali!"

"Si ulimkagua mwenyewe? Ulimvuta mkia, ukamhesabu meno, ukamzunguka mara tatu kama mtu anayetafuta mke wa nne!"

"Mimi ni Mlutheri! Nina mke mmoja!"

Koplo Yiamat, aliyekuwa kaunta ya kituo cha polisi, aliinamisha uso kwenye kitabu cha matukio ili asionekane anacheka.

Inspekta Agnela Kileo alikuwa ofisini mwake, mlango wazi, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa anashughulikia wizi wa mifugo kwa mwaka wa sita sasa, na kila kesi yenye miguu minne iliishia mezani kwake. Hii hakuitaka. Mtu kanunua mnyama, mnyama hafai: hayo ni madai, waende mahakamani.

"Na hatamu yako njoo uichukue!" yule mzee alipaza sauti. "Siku ya tisa leo iko kichwani kwa yule shetani, hakuna anayeweza kuivua!"

"Kaa nayo. Nimekupa zawadi."

Agnela aliweka kikombe chini.

Alikuwa ameshinda minadani tangu akiwa msichana, nyuma ya baba yake aliyechuuza ng'ombe. Muuzaji huuza ng'ombe, kamba akaondoka nayo. Hiyo ndiyo desturi. Baba yake alimuuzia mkwewe fahali, na kamba akaivua palepale, ikiwa mkwe anaangalia. Mchuuzi anayeacha kamba ya katani ni wa kuonewa shaka. Huyu aliacha hatamu ya ngozi.

Akatoka.

"Kimya, wote wawili. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Afande. Naitwa Loishiye Meitamei, natoka Oldonyosambu. Ni mzee wa kanisa." Akasita. "Mpaka kesho."

"Kesho kuna nini?"

Mzee Loishiye alieleza akiwa amesimama, fimbo mkononi. Mwinjilisti wao, Yoeli, alihudumia mitaa mitatu iliyotenganishwa na makorongo. Pikipiki ilishindwa. Mmoja akapendekeza punda, wengine wakakataa: mwinjilisti apande punda kama gunia la mahindi?

"Yesu mwenyewe alipanda punda," alisema Yiamat.

"Nilisema hivyohivyo! Wakasema ile ilikuwa Yerusalemu."

Basi usharika ukachanga, na Loishiye akatumwa kununua farasi, kwa kuwa hakuna aliyemshinda kujua ng'ombe. Alinunua kwa huyu, Dokta Ndesanjo, pale Usa River. Kesho yake Yoeli akajaribu kumpanda. Farasi akamtupa kwenye mawe. Sasa Yoeli yuko hospitali, amevunjika paja.

"Watu wanasema nilikula njama na muuzaji. Kesho saa nane baraza la wazee linapiga kura. Nimekaa kwenye uzee wa kanisa miaka ishirini na moja, Afande. Baba yangu alibatizwa mtu mzima, akazikwa na jina safi. Mimi nitazikwa na jina gani?"

Ndesanjo alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alimgeukia Agnela akitabasamu.

"Dada, sisi ni watu wa nyumbani. Unajua biashara ilivyo."

"Nyumbani ni Marangu. Hapa ni kituo cha polisi. Unakaa wapi?"

"Engutoto."

"Koplo, andika mtaa na namba ya simu. Nenda kwako, usisafiri."

*

Farasi alikuwa amefungiwa kwenye zizi la miiba kule Oldonyosambu, peke yake. Wa rangi ya kahawia, mwenye baka jeupe usoni. Mbavu zimeanza kuhesabika.

Agnela aliingia polepole. Alimgusa nyonga, akatulia. Alimpapasa mgongo, akatulia. Alipoupeleka mkono shavuni, farasi aliinuka kwa miguu ya nyuma, na Agnela akajikuta nje ya zizi bila kujua amepita wapi. Kiatu kimoja kilibaki ndani.

"Ndivyo alivyo," alisema Mzee Loishiye. "Huku nyuma ni malaika."

"Siku ulipomnunua alikuwaje?"

"Mpole kabisa. Kichwa chini, mdomo wa chini umelegea, macho yamesinzia. Kwetu ng'ombe akilegea namna ile, hata mtoto mdogo anamkamua. Dokta akamleta mwenyewe kwa gari, akamshusha, akaondoka mbio. Hata chai hakunywa."

"Saa ngapi alianza ukorofi?"

"Jioni ileile, tulipotaka kumvua hatamu. Tukadhani ni ugeni."

Dawa ya kutuliza, aliwaza Agnela. Ikaisha nguvu jioni. Ndiyo maana muuzaji hakungoja kuivua hatamu: hakutaka kuwapo mikono itakapogusa kile kichwa. Lakini alikuwa akimficha nini?

Aliangalia chini. Zizi zima lilikuwa na madonge ya majani yaliyotafunwa nusu, yamelowa mate.

"Na haya?"

"Anacheua, Afande," alisema mzee. "Ila hana adabu. Anacheua, anadondosha."

Yiamat, aliyekulia nyuma ya ng'ombe wa babu yake, aliafiki kwa kichwa. Agnela naye hakuona ajabu. Hata hivyo, akampigia simu Dokta Ephraimu, daktari wa mifugo wa serikali.

Upande wa pili kulisikika kicheko.

"Inspekta, farasi hacheui! Ana tumbo moja kama wewe. Anayedondosha madonge anashindwa kutafuna. Tazameni meno."

Kwa siku tisa, wafugaji wa Oldonyosambu nzima walipita pale, wakaona madonge yale, wakajua ni cheuo. Walijua ng'ombe mno.

Agnela alimkumbuka kitinda mimba wake, Nice, alipokuwa na miaka sita na jino bovu. Mtoto mpole, msikivu, siku ile alimng'ata nesi mkono mpaka damu. Kumbe farasi huyu hakuwa na pepo; aliumwa jino.

Kwenye hatamu paling'aa kibati cha shaba. Hakuna aliyethubutu kukisogelea. Agnela alitoa simu, akavuta picha kwa mbali, akaikuza. T 14.

*

Mashamba yanayofuga farasi upande wa Usa River si mengi. La kwanza hawakuweka namba kwenye hatamu. La pili, msimamizi wake, Bi. Fransiska, mama mnene mwenye buti za mpira, alipoiona picha alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Huyu amekufa."

"Amekufa lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita. Cheti ninacho."

Alikileta. Kilikuwa na muhuri, tarehe na sahihi: Dkt. Ndesanjo. Kwamba farasi T 14 amedungwa sindano ya kumuua kwa kuwa amekuwa hatari, na amezikwa shambani.

"Kwa nini mlimuua?"

"Alibadilika ghafla. Watoto wa shule walikuwa wanampanda. Mwezi mmoja tu, hashikiki kichwa. Tukaogopa kichaa cha mbwa. Dokta akasema hakuna dawa. Nikamwambia sawa, ila kichwa kipelekwe maabara, tujue kama sisi wengine tuko salama. Akasema amekipeleka."

"Majibu?"

"Alisema hakuna kichaa. Kwa mdomo. Karatasi bado naingoja."

"Nani alimwona akizikwa?"

"Vijana walichimba shimo. Dokta akasema kwa ajili ya kichaa asikae mtu karibu. Akafukia mwenyewe."

"Leteni sepetu."

Walichimba nusu saa. Wakatoa majani makavu, mawe, magunia ya mbolea yaliyooza. Hakukuwa na mfupa wala unyoya. Bi. Fransiska alisimama ukingoni mwa shimo, mikono kiunoni.

"Mungu wangu. Niliomboleza magunia."

"Kabla hajabadilika, kuna mtu alimtibu?"

"Dokta huyohuyo. Jino lilikuwa linamsumbua, akaling'oa."

Jioni ile Koplo Yiamat alimkuta Ndesanjo nyumbani Engutoto, amevaa kandambili, anamwagilia maua. Hakubisha. Alifunga bomba kwanza.

*

Jumamosi, saa tano asubuhi. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti viwili na dirisha lisilofunguka. Agnela alimsomea haki zake, akafungua jalada.

"Jina."

"Ndesanjo Elihuruma."

"Kazi."

"Daktari wa mifugo."

"Nimepiga simu kwenye baraza la madaktari wa mifugo. Hawakujui."

"Nina cheti cha mwaka mmoja. Watu ndio wananiita dokta."

"Na muhuri nao walikuchongea watu?"

Ndesanjo alizisukuma kalamu zake ndani zaidi ya mfuko.

"T 14 yuko wapi?"

"Alikufa. Nilimzika."

Agnela aliweka picha ya shimo mezani. Kisha picha ya kibati. Kisha mfuko wa plastiki wa vielelezo, na ndani yake kipande cha jino chenye urefu wa kidole, cheusi upande mmoja.

"Dokta Ephraimu alikwenda Oldonyosambu alfajiri. Amemlaza kwa dawa, akamfungua mdomo. Gego la chini, kushoto. Lilivunjwa, mzizi ukaachwa ndani ya taya. Taya limejaa usaha. Anasema aliyefanya kazi ile alitumia koleo la fundi bomba. Ni kweli?"

Ndesanjo aliuvuta mfuko karibu, akaugeuza.

"Koleo la farasi sina," alisema. "Linaagizwa nje."

"Endelea."

"Jino lilivunjika mkononi. Nikadhani mzizi utatoka wenyewe. Haukutoka. Akaanza kupiga watu. Bi. Fransiska akasema kichwa kipelekwe maabara. Kikifunguliwa tu, wataona. Wataniuliza leseni. Miaka kumi na miwili, Afande, Usa River yote mpaka Kikwe wananiita dokta. Mama yangu ananiita dokta."

"Kwa hiyo hakikutakiwa kuwepo kichwa."

"Ndiyo."

"Ungemuua, ukamfukia pamoja na kichwa, ukasema kichwa kimekwenda. Mbona hukufanya hivyo?"

Alifuta uso kwa kiganja.

"Sindano niliijaza. Niliishika hivi. Akanilalia begani, upande usiouma. Nikashindwa. Nikamtoa kwa gari wakati watu wako mbali. Kosa langu, afe yeye?"

"Kwa hiyo ukaona ni heri avunjike mwinjilisti."

"Sikujua atapandwa kesho yake!"

"Farasi hununuliwa apigwe picha? Kwa nini Oldonyosambu?"

"Nilitafuta watu wasiojua farasi."

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba amezeeka kidogo, amezoea watoto. Nilimpa dawa ya kutuliza saa mbili asubuhi, mzee akafika saa nne. Nilijua ataangalia kama ng'ombe. Aliangalia kama ng'ombe."

"Mzee Loishiye alijua?"

"Hapana."

"Ulimpa chochote?"

"Hapana."

Agnela aliandika yote. Kughushi cheti, kujifanya daktari, kujipatia mali kwa udanganyifu. Ndesanjo akasoma, akasaini kila ukurasa kwa kalamu yake mwenyewe. Sahihi ilikuwa na zile herufi tatu mbele, Dkt. Akaziona, akazikata kwa mstari.

Saa ya ukutani ilisema saa sita na robo.

Nje, kwenye benchi, Mzee Loishiye alikuwa ameketi na suti yake nyeusi, shuka nyekundu begani, tayari kwa baraza. Agnela alikwenda mpaka kwenye mlango uliokuwa wazi nusu, akamwona. Barua ya polisi ingeandikwa Jumatatu, ingepita kwa mkuu wa kituo, ingefika usharikani wiki mbili baadaye. Kura ilikuwa leo. Na mtu akishaondolewa mbele ya wenzake, barua haimrudishi. Watu husema polisi wamelainishwa kwa fedha.

Akarudi, akasimama mbele ya meza.

"Nisikilize vizuri. Sheria hainiruhusu kukulazimisha, na wala sikulazimishi. Ukikataa, unakwenda mahabusu kama kawaida na hakuna neno litakaloongezwa kwenye jalada. Baraza lao ni saa nane. Unaweza kwenda kusema kwa mdomo wako. Nakuuliza."

"Mbele ya kanisa?"

"Mbele ya wazee kumi na wawili."

"Watanipiga."

"Nitakuwepo mimi."

Ndesanjo alikunja mikono, akaikunjua.

"Mwinjilisti atatembea?"

"Atatembea. Baada ya miezi, na atachechemea."

"Na farasi?"

"Ephraimu ametoa mzizi. Asubuhi hii amekula bila kudondosha. Atarudi kwa Bi. Fransiska."

Ndesanjo akasukuma kiti nyuma.

"Twende kabla hawajaanza."

Yiamat aliendesha kwa kasi. Mzee Loishiye alikaa mbele, Ndesanjo nyuma amefungwa pingu, kando ya Agnela.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ndani ya ofisi ya usharika, karatasi za kura zimeshagawiwa. Mchungaji aliinuka kuuliza. Agnela akamfungua Ndesanjo pingu, akasogea pembeni.

"Mimi ndiye niliyemuuza yule farasi," alisema Ndesanjo. "Mimi siyo daktari. Nilimharibu farasi wa watu, nikamnywesha dawa, nikawauzia. Mzee huyu hakujua."

Mzee mmoja mwenye upara aliinua fimbo.

"Alipata nini kwako? Sema kweli. Kila anayenunua anapata kitu cha juu."

"Hakupata kitu."

"Hata soda?"

"Hata soda. Tulipomaliza aliniwekea mkono kichwani, akaniombea. Akamshukuru Mungu kwa kumpa muuzaji mwaminifu."

Mchungaji alichukua kikapu cha sadaka, akapita benchi kwa benchi akikusanya karatasi za kura zikiwa tupu; hakukuwa tena na kura ya kupiga. Ndesanjo mwenyewe ndiye aliyenyoosha mikono mbele, na Agnela akamfunga pingu, akamwongoza kwenda garini.