Kiti cha Nazaire

Mambo yalibadilika Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025, saa tisa alasiri. Gaudiose, jirani yetu wa mtaa wa Alief huku ughaibuni, alikuwa akichambua maharage ya kesho. Kesho, baada ya misa, wangeondoa matanga ya mumewe Nazaire, na ndugu wangesikiliza wosia aliourekodi mwenyewe kwenye kompyuta kabla hajalazwa. Hakuna aliyekuwa ameusikia. Na wiki hiyohiyo bodi kuu ya kompyuta ikaungua.

Fundi Mogaka, Mkenya wa mji wa Plano, alikuja na bodi mpya. Akavuta kiti kilichoelekezwa ukutani, akakigeuza, akakaa.

"Hapana, mwanangu! Hicho ni cha marehemu. Kwetu hakigeuzwi mpaka matanga yaishe."

"Pole, mama. Nime-drive masaa manne, mgongo unaniua. Mzee atanisamehe tu."

Akacheka. Hakuinuka. Gaudiose akapiga ishara ya msalaba, akamwacha, maana alimhitaji.

Bodi ikafungwa. Mashine ikawaka, ikagoma. Mogaka akaingia kwenye mipangilio ya kuwasha, akaielekeza kwenye diski ya zamani. Ikaamka, ikadai namba ya siri. Gaudiose akaitaja. Ikakataliwa.

"Bodi mpya haimjui mtu," Mogaka akasema. "Namba, na ile kamera ya kutambua sura ya mzee, vilitegemea bodi iliyoungua. Sasa inataka nenosiri lenyewe."

"Alilijua yeye peke yake."

"Basi wosia hatuupati, mama."

Gaudiose akamkazia macho. Shemeji yake Audace, aliyeitaka nyumba ile tangu siku ya mazishi, alikuwa amempigia simu asubuhi kuuliza fundi atafika saa ngapi. Alijuaje kama kuna fundi?

"Nani amekutuma?" akanong'ona.

"Ai, mama! Si wewe uliniita?"

Mogaka akachomoa waya wa kamera, ambayo haikuwa na kazi tena, akauweka mezani, akaenda jikoni kunywa maji. Gaudiose akamfuata nyuma, asimwache peke yake.

Wakiwa mlangoni wakirudi, wakaiona taa ya kamera.

Ilikuwa inawaka. Waya ulikuwa bado mezani.

Kiti kilikuwa kitupu, kimeelekea kioo cha kompyuta. Maandishi yakatokea polepole: Karibu tena, Nazaire.

"Umefanya nini?" Gaudiose akauliza.

"Sijagusa. Wewe je?"

Wakatazamana, kila mmoja akimshuku mwenzake. Kisha rekodi ikaanza yenyewe.

Nazaire akakohoa, kikohozi chake kilekile. Akasema nyumba ni ya Gaudiose, Audace asiiguse. Akambariki binti yao Zoé. Hapo rekodi ikaisha.



Halafu sauti yake ikaja tena, karibu sana.

"Na huyo kijana. Mgongo wake umepata nafuu?"

Mogaka alitoka mbio bila bisibisi zake. Gaudiose alimfuata mpaka kwenye gari, akimwita. Gari likaondoka.

Aliporudi ndani, taa ya kamera ilikuwa imezimika. Kiti kilikuwa kimeelekea ukutani. Akagusa mto wa kiti.

Ulikuwa na joto.

Kesho yake ndugu wote waliusikia wosia. Uliishia kwenye baraka ya Zoé. Hapakuwa na neno zaidi. Audace aliondoka bila kugusa chakula.

Gaudiose hakukigeuza kiti, ingawa matanga yalikuwa yameisha. Alipiga magoti kando yake, rozari mkononi.

"Bwana, umpe Nazaire raha ya milele, na mwanga wako umwangazie. Wosia wake tumeusikia. Sasa apumzike, Bwana. Nakuomba, apumzike kweli. Amina."