Posa Iliyopishana Njiani

Ukitaka kuficha siri Ukunda, nipe mimi, Chande. Hata kaburi huja kwangu kujifunza kunyamaza. Habari hii Swabir aliniapisha nisiitoe nje. Basi kaeni vizuri.

Asubuhi moja ya Jumamosi, mapokezi ya hoteli fulani ya Diani yalijaa wageni wanaoondoka, masanduku yameziba mlango, na intaneti imekufa. Nyuma ya meza alisimama Warda wa Munje, mtandio wa rangi ya embe bivu, michoro ya piko vidoleni, akitabasamu kwa meno tu. Mbele yake akatokea Swabir, kijana wa kampuni iliyoweka mtandao, ametoka kutambaa darini.

"Samahani dada, tatizo liko wapi?"

"Tatizo limesimama mbele yangu. Kila wiki mnasema mmetengeneza."

"Tumetengeneza kweli. Linarudi lenyewe."

"Basi nawe rudi mwenyewe. Ila kwanza jitoe utando wa buibui kichwani, wageni watadhani ni kilemba."

Swabir akapapasa nywele. Hapo ndipo alipokwisha.

Kazi yake haikuwa ya nyaya. Yeye huandika programu ya mfumo endeshi wa ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti; huandika ile sehemu ya ndani kabisa inayopitisha mawasiliano. Humo kila simu inayoingia mtandaoni huandikwa jina na kutegewa kengele: ikinyamaza muda mrefu, kengele inalia na jina linafutwa. Sasa, mara mojamoja ruta ilianguka yote na hakuna aliyejua kwa nini. Swabir akiongeza mistari ya kuchungulia yanayopita ndani, mfumo unapunguza mwendo na hitilafu, ambayo wenyewe huiita mdudu, inajificha. Akiitoa mistari, inarudi, kama panya anayejua paka kalala.

Kwa hiyo akahamia mapokezi na kompyuta yake. Alisema anachunguza mtandao. Wafanyakazi wote waliona anachunguza nini.

"Kahawa?" Warda alimuuliza siku moja.

"Ukileta wewe, hata maji ya bahari nitakunywa."

"Ya bahari yako hapo nje. Jitekee."

Jioni simu zikaanza.

"Umefika nyumbani, laazizi?"

"Nimefika. Umempata mdudu wako?"

"Nimempata mtu. Mdudu bado."

Na ni kwa kukaa pale ndipo alipomwona huyo mdudu. Basi la wageni liliondoka, simu zao zikakatika pamoja. Mkono mmoja wa mfumo ukaanza kufuta majina ya walioondoka, na papo hapo kengele za simu zilizokuwa kimya tangu usiku zikalia, mkono wa pili ukaja kufuta majina yale yale. Wa pili ukashika hewa, nyumba yote ikaanguka. Swabir akaongeza agizo: kabla ya kufuta jina, zima kengele yake. Ruta ikatulia.

"Bila wewe nisingekaa hapa," akamwambia Warda. "Ahsante."

"Ahsante ya mdomo haina mshenga."

Swabir hakungoja aambiwe mara mbili. Kwetu posa haipelekwi kwa simu. Mjomba wake, Mzee Chirau, akavaa kanzu iliyonyooka kwa pasi, akaenda Munje. Aliyeipokea posa ni Bi Mwanapili, shangazi yake Warda, maana mambo ya ndoa katika ukoo ule hupitia mikononi mwake. Akajibu kama ilivyo desturi: "Tumesikia. Tupeni nafasi tuulizane." Na Warda akaambiwa asizungumze na Swabir mpaka jibu litoke.

Kimya kikawa kirefu. Mzee Chirau akaingiwa na fedheha.

"Mjomba," alimwambia mpwa wake, kwa kuwa huku kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "tukibisha hodi sana tutaonekana tunaomba unga. Ijumaa nikitoka msikitini sijasikia neno, nakwenda kuiondoa posa yetu kwa adabu."

Swabir alidhani kimya cha Warda ni jibu tosha. Akakubali kinyonge.

Ijumaa yenyewe, watu wakijiandaa kwenda msikitini, Warda akapiga.

"Nimeruhusiwa kukwambia neno moja tu."

"Liseme."

"Ndiyo."

"Sikusikia vizuri. Rudia."

"Nililopewa nimeshalitumia. Shangazi anakuja kwenu Ukunda na jibu. Mwambie mama apike."

Swabir akampigia mama yake, kisha akamwandikia mjomba: "Usiende, wamekubali." Akatia simu mfukoni, akaswali Diani akitabasamu hata wakati wa hotuba. Hakungoja kujibiwa. Na Mzee Chirau huzima simu akiingia msikitini. Siku ile alitoka akapanda gari la jirani moja kwa moja, simu ingali imezimwa. Shangazi anakuja na ndiyo, mjomba anakwenda na hapana. Wakapishana barabarani bila kuonana.

Baadaye simu ya Swabir ikalia.

"Swabir, tumewakosea nini?"

"Laazizi, vipi tena?"

"Usiniite hivyo. Mjomba wako yuko barazani kwetu. Ameiondoa posa. Baba anasema asiyemtaka binti yake leo, kesho hatampata. Mimi nimejifunga leso mpya, sijui niivue."

"Lakini nilimwandikia asiende."

"Alikujibu?"

Swabir akautazama ule ujumbe: haujasomwa. Kumwambia mtu asiende hakumrudishi aliyekwisha kutoka. Ghafla akaiona akilini ruta yake, ambayo asubuhi ile ile ilikuwa imeanguka tena. Kengele iliyokwisha kulia huwezi kuizima. Mkono wa pili iliouita uko njiani tayari. Yeye alitoa agizo la kuzima, akafuta jina, asiulize kama mkono umerudi.

"Mshike mjomba hapo hapo," akasema. "Mpe chai, mpe halua, mwulize ukoo wake hadi mababu. Asiondoke, wala baba asiape. Namtafuta shangazi."

"Na nikikusaidia?"

"Nitakushukuru hadi tuzeeke."

"Tutazeeka wapi, na posa haipo?" Lakini akaenda kubandika maji.

Hapa ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa kwa kina Swabir, nikimsaidia mama yake kupokea mgeni. Swabir akanipigia, nikaelewa kabla hajamaliza. Bi Mwanapili alipotokea tu mlangoni, nikampakia pikipikini, tukakata upepo hadi Munje.

Tulimkuta Mzee Chirau amechoka kwa chai, anatafuta viatu. Bi Mwanapili akaketi mlangoni, akakaza leso.

"Chirau, posa ulimkabidhi nani?"

"Wewe, Bi Mwanapili."

"Na kuiondoa umemwambia nani?"

"Babake Warda."

"Basi ingali mkononi mwangu. Kilichomo mkononi mwangu hakitoki nami sipo. Na jibu letu ni kwamba tumekubali. Sasa niko mbele yako, iondoe."

Mzee Chirau akawasha simu, akasoma ujumbe wa Swabir, akavua kofia.

"Niondoe nini, mama? Niwieni radhi."

Babake Warda ndiye aliyeanza kucheka. Swabir akafika hana pumzi, akamkuta Warda ukumbini ameshika birika.

"Nilidhani umenifuta," Warda akasema.

"Hata kwa bahati mbaya sitathubutu tena. Ahsante kwa chai."

"Mshukuru mjomba. Ameinywa yote."

Jumatatu Swabir akairekebisha ruta kwa funzo la Bi Mwanapili: jina lishikwe na mkono mmoja, na mwingine unaotaka kulifuta ungoje. Haijaanguka tangu siku hiyo. Harusi ilipofika, nikajipa nafasi ya kuwasimulia wageni haya yote, nami nikayasimulia kwa madaha. Nilipofika kwenye pikipiki, Bi Mwanapili alikuwa ameketi nyuma yangu.

"Pikipiki gani, Chande?"

"Ile... umesahau tu, shangazi."

"Nilifika kwa kina Swabir, mamake yuko uani. Sinia langu la pilau lina mifupa mitupu, na wewe umelala kando yake, simu inalia kifuani pako. Niliipokea mimi. Gari lililonileta lilikuwa halijageuza, nikapanda lile lile."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Bwana harusi akaziba uso kwa mikono. Bi Mwanapili akanishika bega.

"Lakini Mungu akulipe, mwanangu. Ungeniachia hata tonge moja, ningeketi kula, na gari lingekwenda zake."