Breki ya Kamba

Theluji iliwakuta karibu na kilele cha mlima Kaldama, watatu juu ya baiskeli, na iliwakuta wameshiba. Hilo ndilo lililomuuma Jypar kuliko baridi yenyewe. Wangeondoka asubuhi na mapema, saa hiyo wangekuwa wanateremkia mji wa Kazarman huku wakiimba. Lakini kule bondeni mwenyeji wao, mzee Abdykalyk, alikuwa ameshawachinjia kondoo, na kondoo akishachinjwa kwa ajili yako hunyanyuki mpaka ule, na dua isomwe. Sooron, mdogo wao kwa umri, alijaribu kunong'ona kuhusu mawingu. Melis akamkata jicho.

"Nyamaza wewe! Tumetoka Batken kuja kukataa nyama ya mtu?"

Basi wakakaa. Nyama ikachemka taratibu, mzee akasimulia habari za farasi wake wote, walio hai na waliokufa, na mchana ukayoyoma.

Sasa upepo uliwapiga usoni, theluji ikawa inawaingia masikioni na mdomoni. Jypar aliona mgongo wa Melis mbele yake, kisha hakuuona. Alisikia chuma kikigonga jiwe na mtu akipiga ukelele. Akaitupa baiskeli na kukimbia akiyumba. Melis alikuwa amelala ukingoni mwa barabara, mguu mmoja ukining'inia nje, ambako hapakuwa na ardhi.

"Usijitikise, kaka! Sooron, mshike mkanda!"

Wakamvuta. Jypar akampapasa begani juu ya koti, na Melis akatukana matusi ambayo mkewe hajawahi kuyasikia. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika.

Chini kidogo ya barabara palikuwa na zizi la mawe lililoachwa na wachungaji, limeezekwa nusu. Waliingia humo wakitambaa. Sooron alifukua samadi kavu chini ya ukuta, akaiwasha kwa kiberiti ambacho vidole vyake vilikuwa vikikiangusha kila mara. Jypar alikata mpira wa ndani wa tairi na kuufunga mkono wa Melis kifuani. Walikula mafungu ya nyama waliyofungiwa na mwenyeji, kama mgeni yeyote anavyofungiwa, mafuta yameganda meupe. Hakuna aliyemlaumu mzee Abdykalyk tena.

"Kunywa," Jypar alimwambia Melis, akimpa theluji iliyoyeyushwa kwenye kikombe cha bati.

"Kesho nitaendesha."

"Kunywa kwanza."

Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Wachuuzi wa mifugo wa Jalal-Abad walikuwa wameahidi kutoa mashine ya kuwapa joto watoto njiti, iwekwe Kazarman, ambako mlima ukifungwa mji mzima hufungwa nao. Sharti lao lilikuwa moja: wote watatu wafike mlangoni mwa wodi ya wazazi juu ya baiskeli. Akibebwa mmoja, hakuna ahadi. Jypar alizaa katika wodi hiyo wakati wa baridi, mtoto mdogo kama mkate, barabara imezibwa na theluji. Wauguzi walimzungushia chupa za maji moto. Mtoto hakufika jioni.

Kulipokucha mbingu ilikuwa ya buluu na mlima wote mweupe, mpaka macho yaliuma. Wakasikia farasi akikohoa. Abdykalyk alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, ndevu zimeganda barafu, amekasirika kweli kweli.

"Wajinga nyinyi! Mgeni afe na nyama yangu tumboni, mimi nitamtazama nani usoni?"

"Si wewe uliyetukalisha, babu?" Sooron akasema.

"Ndiyo! Ndiyo maana nimekuja!"

Jypar alimtazama Melis. Midomo ilikuwa ya kijivu, na kila alipovuta pumzi uso ulimkunjamana. Jypar alijua la kusema, na lilimkata kama kisu.

"Mpakie, babu. Mshushe kwa farasi mpaka kwa daktari."

"Na mashine je?" Melis akauliza.

"Mashine haina mke wala watoto. Wewe unao. Panda farasi."

"Sipandi."

"Kaka, usinitie wazimu!"

"Nilikuwepo tulipomzika mwanao, Jypar. Sipandi."

Mzee alisikiliza, akageuka kutazama kilele, ambacho kilikuwa pale pale juu yao, kisha akaitazama baiskeli.

"Kinachomshinda ni kipi? Kupanda au kushuka?"

"Kushuka," Sooron akajibu. "Juu tutamsukumia. Lakini mteremko huu na mkono mmoja, breki haziwezi. Ataruka kona ya kwanza."

Abdykalyk akaanza kucheka peke yake. Akafungua kamba ndefu ya ngozi kwenye tandiko. "Magogo ya misonobari nayashusha vipi, mnadhani? Nayabembeleza? Farasi anakaa nyuma."

Wakafika kileleni wakisukuma, mapafu yanawaka. Pale mzee alifunga kamba kwenye nguzo ya kiti cha baiskeli na ncha ya pili kwenye tandiko. Melis akapanda, mkono mmoja kwenye usukani. Chini yake barabara ilijipinda na kujipinda, matope na theluji, upande mmoja ukuta, upande mwingine hewa tupu.

"Ukipiga kelele farasi atashtuka," mzee akaonya.

"Na nikianguka?"

"Anguka kimya kimya."

Wakashuka. Baiskeli ilivuta, kamba ikakaza, farasi nusura aketi juu ya makalio yake, akachimba kwato matopeni. Kwenye kona Sooron, baiskeli yake imefungwa ubavuni mwa farasi, alikimbia upande wa bondeni, tayari kumdaka. Jypar alitangulia na baiskeli yake akionya kwa sauti tulivu: barafu, jiwe, shimo. Mara moja gurudumu la nyuma liliteleza mpaka likachungulia bonde, na farasi mwenyewe akateleza. Abdykalyk akaegemea nyuma huku akimwita mnyama kwa majina ya mababu zake wote. Kamba ikashika. Melis alikuwa analia kwa maumivu na anacheka, vyote pamoja.

Barabara iliponyooka mzee alifungua kamba. "Haya, nendeni. Farasi wangu hataki kuona mji." Hakusubiri shukrani.

Waliingia Kazarman watatu sambamba, Melis katikati, wenzake wakimkinga pande zote mbili. Watu walitoka madukani. Akina mama waliwarushia peremende na maandazi, kama wafanyavyo kwenye sherehe, vikawagonga vichwani, watoto wakakimbia nyuma wakiokota. Mtu wa wachuuzi alikuwa amengoja tangu jana mlangoni mwa wodi, sanduku la mashine likiwa garini mwake. Alipoona mkono wa Melis uliofungwa, akavua kofia.

"Mashine ni yenu," akasema, na mtaa mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Jypar hakusimama kupongezwa. Alipanda ngazi na kuingia katika chumba ambacho hakuwa amekikanyaga tangu siku ile.

"Viatu!" muuguzi akafoka. "Nimepiga deki sasa hivi!"

Akavua, akasimama na soksi zilizolowa. Kitandani kulikuwa na msichana mwenye tumbo kubwa, macho yamemtoka kwa hofu.

"Dada, umetoka mlimani? Barabara iko wazi?"

"Imefungwa," Jypar akasema, akamshika mkono. "Acha ifungwe."